Usalama wa watoto wa shule za msingi mkoani Singida

Usalama wa watoto wa shule za msingi mkoani Singida ni jumla ya sheria, taratibu na desturi zinazolenga kumkinga mwanafunzi wa elimu ya awali na ya msingi dhidi ya madhara anapokuwa shuleni, njiani, nyumbani na kwenye mtandao wa intaneti. Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, na matatizo yanayowakabili watoto wake yanafanana kwa sehemu kubwa na yale ya mikoa mingine. Hata hivyo umbali kati ya vitongoji na shule, ukame, mila ya ukeketaji na kuenea kwa simu janja vijijini vimeyapa sura ya pekee.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Mwanafunzi kwa kawaida huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7 na kumaliza darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi ni mtoto mbele ya sheria, hata kama umbo lake limekua au amechelewa kuanza masomo.

Mkoa na shule zake

Mkoa wa Singida una wilaya 5: Singida, Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama. Halmashauri zake ni 7, yaani Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa kuwa na wakazi 2,008,058, kutoka wakazi 1,370,637 mwaka 2012. Wenyeji wengi ni Wanyaturu na Wanyiramba; wako pia Wagogo, Wanyisanzu, Wabarabaig, Wasukuma na, katika Wilaya ya Mkalama, Wahadzabe wa bonde la Eyasi.

Wakazi wengi ni wakulima wa alizeti, mtama, uwele, mahindi na vitunguu, na wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kinapokuwa kirefu, familia huhama na mifugo, wavulana huenda machungani na wasichana hutembea mbali kutafuta maji. Mtoto anayekosa shule kwa sababu hizo hutoka pia kwenye macho ya mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya familia kuona dalili kwamba kuna jambo baya.

Tangu Januari 2016 serikali ya Tanzania imekuwa ikitoa elimumsingi bila ada. Hatua hiyo iliwaingiza shuleni watoto wengi ambao wangebaki nyumbani, lakini iliongeza pia msongamano madarasani. Ili kupunguza umbali zilijengwa shule shikizi, yaani vituo vya kufundishia watoto wadogo karibu na makazi yao chini ya uangalizi wa shule mama. Singida ni pia mmoja kati ya mikoa 9 ya programu ya Shule Bora inayofadhiliwa na Uingereza. Mradi wa kitaifa wa BOOST, ulioanza mwaka 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, una sehemu inayoitwa Mpango wa Shule Salama.

Hatari za njiani na shuleni

Umbali na barabara

Mtoto anayetembea kilomita kadhaa alfajiri na jioni hukabiliwa na hatari za aina mbalimbali: mito ya msimu inayofurika ghafla, mbwa, fisi, na watu wanaomvizia vichakani. Wakati wa mvua, vijiji vilivyo kando ya bonde la Wembere na makorongo mengine huweza kutengwa na shule kwa siku kadhaa. Malambo na mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya mchanga au dhahabu hujaa maji, na watoto wasiojua kuogelea huzama humo.

Mji wa Singida uko kwenye makutano ya barabara kuu za kutoka Dodoma, Mwanza na Arusha, ambapo malori na mabasi hupita mchana na usiku. Shule zilizo kando ya barabara hizo huhitaji vivuko vyenye alama, matuta na mwalimu au mwanafunzi mkubwa wa kuwavusha wadogo. Ajali iliyoleta mjadala mkubwa kuhusu usafiri wa wanafunzi nchini ilitokea Karatu, mkoani Arusha, tarehe 6 Mei 2017: basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni na kuua wanafunzi 32 pamoja na walimu wao 2 na dereva.

Pikipiki za bodaboda ni usafiri wa kawaida hata kwa watoto. Mbali na hatari ya ajali, lifti ya bure na zawadi ndogondogo kama chipsi au vocha hutajwa mara nyingi kuwa njia ya kuwarubuni wasichana wa madarasa ya juu.

Majengo, vyoo na moto

Usalama wa majengo unahusu kuta zenye nyufa, mapaa yanayoweza kung'olewa na upepo, visima visivyofunikwa na vyoo vya shimo vyenye sakafu dhaifu. Vyoo visivyo na milango, au vilivyo mbali na madarasa, huwa pia mahali pa uonevu. Wasichana waliovunja ungo hukosa masomo siku za hedhi pale ambapo hakuna maji wala chumba cha kujisitiri.

Katika shule za bweni hatari kubwa ni moto. Mwezi Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu huko Kyerwa, mkoani Kagera. Bweni salama lina milango zaidi ya mmoja inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyozibwa kwa nondo zote, vifaa vya kuzimia moto na mlezi anayelala hapohapo. Kuanzia tarehe 1 Machi 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya familia.

Watoto wenye ulemavu na wenye ualbino wanahitaji uangalizi wa ziada, kwani wengine hawawezi kukimbia, kuona au kueleza kilichotokea. Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko ni mojawapo ya shule za mkoa zinazopokea wanafunzi wa namna hiyo pamoja na wengine.

Adhabu ya viboko

Adhabu ya viboko bado inaruhusiwa katika shule za Tanzania Bara, lakini kwa masharti. Kanuni zilizotungwa mwaka 1979 na kubadilishwa mwaka 2002 zinasema kwamba viboko visizidi 4, kwamba vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo shuleni, na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Sheria ya Mtoto kwa upande wake inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha na inasema kumrudi mtoto kusipite kiasi.

Mazoea yamekuwa tofauti na kanuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa takriban nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 17 walikuwa wamewahi kupigwa na mwalimu kwa ngumi, teke au fimbo. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeitaka Tanzania kufuta adhabu hiyo kabisa, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2001.

Wataalamu wa ulinzi wa mtoto hutaja madhara mengine yasiyoonekana: mtoto anayemwogopa mwalimu hatamwambia kwamba anaguswa vibaya nyumbani au anatishwa kwenye simu.

Ukatili wa kingono

Utafiti huohuo wa 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa aina fulani ya ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakupata huduma yoyote. Mara nyingi mtendaji si mgeni bali ni ndugu, jirani, mwanafunzi mwenzake au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Wavulana pia hudhurika, lakini kwao aibu ya kusema huwa kubwa zaidi, na dalili zao huchukuliwa kuwa utundu.

Ukeketaji, ndoa za utotoni na ajira

Singida imo katika orodha ya mikoa yenye kiwango kikubwa cha ukeketaji nchini. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16, asilimia 31 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Mikoa iliyozidi Singida ilikuwa Manyara, Dodoma, Arusha na Mara.

Miongoni mwa Wanyaturu na Wagogo mila hiyo ilihusishwa na ugonjwa uitwao lawalawa, yaani maambukizi ya sehemu za siri ambayo watu waliamini huponywa kwa kukeketa. Kwa kweli maambukizi hayo hutokana na sababu za kawaida kama uhaba wa maji na usafi, nayo hutibiwa kwa dawa za hospitali. Baada ya sheria ya mwaka 1998 kuharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, baadhi ya familia zilianza kukeketa watoto wachanga kwa siri ili wasigundulike. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi huweza kuwa na wanafunzi waliokwisha kukeketwa kabla ya kujua kusema. Kazi ya kinga imehamia kliniki za mama na mtoto, na kazi ya shule ni kuelimisha kizazi kitakachozaa kesho.

Kipindi cha hatari kwa msichana ni kile cha baada ya mtihani wa darasa la saba, unaofanyika kwa kawaida mwezi Septemba, hadi shule za sekondari zifunguliwe Januari. Katika miezi hiyo hayuko chini ya mwalimu yeyote. Wengine huozwa, wengine huchukuliwa na "mama mdogo" au mtu asiyejulikana vizuri kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, Arusha au Dodoma. Zipo pia taarifa za wanafunzi kuambiwa na wazazi wajibu vibaya mtihani makusudi ili wasichaguliwe kuendelea. Wavulana huvutwa na machimbo madogo ya dhahabu, k.m. katika eneo la Sekenke wilayani Iramba, ingawa sheria inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari.

Hatari za mtandaoni

Jinsi watoto wanavyofika mtandaoni

Kanuni za shule nchini haziruhusu wanafunzi wa shule za msingi kubeba simu. Hata hivyo watoto wengi hutumia simu ya mzazi, ya kaka au ya jirani. Katika miji kama Singida, Manyoni, Itigi na Kiomboi wapo pia wanaolipa kidogo kucheza michezo ya kompyuta au kutazama filamu katika vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza. Vijijini mtandao hufika kwa simu moja inayotumiwa na nyumba nzima, na mara nyingi mtoto ndiye anayejua kuitumia kuliko mwenye simu. Mzazi humwomba amsomee ujumbe, amnunulie bando au amtumie pesa, na kwa njia hiyo mtoto hujua namba ya siri.

WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zote zinataka mtumiaji awe na umri wa angalau miaka 13. Maana yake ni kwamba wanafunzi wengi wa shule za msingi hawajafikia umri huo, na anayejiunga hudanganya tarehe ya kuzaliwa. Programu ikiamini kwamba ni mtu mzima, humwonyesha mambo ya watu wazima.

Aina za hatari

Hatari kuu zinazotajwa ni hizi:

- Kurubuniwa: mtu mzima hujifanya rafiki au mtoto mwenzake, hutuma vocha au sifa, kisha huomba siri, kisha picha, na mwishowe kukutana.
- Vitisho kwa picha: mtoto aliyetuma picha ya utupu hutishiwa kwamba itasambazwa asipotuma nyingine au pesa. Siku hizi picha kama hizo huweza kutengenezwa kwa akili unde kutokana na picha ya kawaida ya uso wake.
- Uonevu wa mtandaoni: matusi, majina ya kejeli na video za ugomvi wa wanafunzi zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp.
- Maudhui yasiyofaa: ngono, mauaji na mateso.
- Utapeli na kamari: ujumbe wa "tuma kwenye namba hii", michezo inayodai malipo, na programu za kubashiri. Sheria inaruhusu kamari kwa watu wa miaka 18 na kuendelea tu, lakini mashine za sarafu huwekwa hata karibu na maduka ya vijijini.
- Kufichuliwa kwa taarifa: wazazi au walimu huweka mtandaoni picha ya mtoto akiwa na sare, jina la shule na matokeo yake, na hivyo kumwonyesha mtu mbaya mahali pa kumpata.

Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyokadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili mkubwa wa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja, yaani watoto wapatao 200,000. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto alimfahamu tayari. Hivyo mgawanyo kati ya hatari za mtandaoni na za mtaani si mkubwa kama watu wanavyodhani: ni watu walewale kwa chombo kingine.

Sheria zinazohusika

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Sheria kuu za ndani ni:

- Kanuni ya Adhabu, pamoja na mabadiliko ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto ana umri chini ya miaka 10. Ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 huadhibiwa kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili.
- Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.
- Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa.
- Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kusambaza picha za ngono za watoto huadhibiwa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7 au vyote viwili. Uonevu wa mtandaoni huadhibiwa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili.
- Sheria ya Elimu, iliyobadilishwa mwaka 2016. Kuoa, kuolewa na au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30.
- Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inahusu pia taarifa na picha za watoto.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwezi Oktoba 2019. Mwezi Novemba 2021 serikali iliondoa katazo lililowazuia wasichana waliojifungua kurudi katika shule za umma.

Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi mahakamani kusema kweli. Katika makosa ya kujamiiana mahakama huweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Mfumo wa ulinzi

Kazi ya kumlinda mtoto imegawanywa kwa ngazi. Kitaifa, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum husimamia sera, na TAMISEMI husimamia shule za msingi. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA) ulianza kutekelezwa mwaka 2017 na kuunda kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji au mtaa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) husimamia kampuni za simu na kuendesha elimu kwa watumiaji.

Katika halmashauri, afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye wajibu wa kisheria wa kuchunguza na kumtafutia mtoto mahali salama. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Tume ya Utumishi wa Walimu hushughulikia nidhamu ya mwalimu wa shule ya umma.

Shuleni wanatakiwa kuwapo walimu wa ushauri na unasihi, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ambao wanafunzi wanawaamini. Serikali imetoa pia mwongozo wa kuunda madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule, ambamo wanafunzi wenyewe wana wawakilishi. Kamati ya shule huunganisha shule na wazazi.

Simu ya bure namba 116 ni huduma ya taifa ya simu kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na serikali. Mtoto au mtu mzima huweza kuipiga kutoka mitandao yote bila salio.

Njia za kumkinga mtoto

Shuleni, hatua nyingi hazihitaji fedha: kuita majina asubuhi na baada ya mapumziko, kufuatilia mtoro siku ileile, kuwapanga wanafunzi wa kitongoji kimoja watembee pamoja, kutomtuma mwanafunzi peke yake nyumbani kwa mwalimu, na kutomruhusu mgeni kumchukua mtoto bila mwalimu wa zamu kujua. Sanduku la maoni lenye kufuli husaidia ikiwa hufunguliwa na zaidi ya mtu mmoja. Likifunguliwa na mtu mmoja tu, taarifa inayomhusu mtu huyo hupotea.

Watoto wadogo hufundishwa majina halisi ya viungo vya mwili, tofauti ya mguso mwema na mbaya, na kanuni tatu rahisi: kukataa, kuondoka, kusema. Hufundishwa pia kwamba siri inayomfanya mtoto aogope si siri ya kutunzwa.

Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma anaweza kumlinda mtoto mtandaoni kama msomi, kwani jambo kubwa ni mahali na muda. Simu hutumika sebuleni au uani mbele ya watu, si chumbani wala usiku. Mzazi hubadilisha namba ya siri ya pesa mtoto akiijua. Kwa mwenye simu janja, akaunti huwekwa faragha, nywila haigawiwi hata kwa rafiki, na programu za kudhibiti matumizi ya mtoto huweza kuwekwa bure. Kwa kupiga *106# mzazi huona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa utapeli hutumwa kwenda namba 15040.

Kumnyang'anya mtoto simu mara tu anapoeleza tatizo hakushauriwi. Mtoto huona kwamba amepewa adhabu kwa kusema, na safari nyingine atanyamaza.

Hatua tukio linapotokea

Utaratibu unaopendekezwa kwa mwalimu au mzazi aliyepewa taarifa na mtoto ni huu:

1. Kumsikiliza kwa utulivu bila kumhoji mara nyingi, na kutomwahidi kwamba hakuna atakayeambiwa.
2. Kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa.
3. Kumtenga na anayetuhumiwa, bila kumrudisha katika nyumba ileile.
4. Kutoa taarifa siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto, afisa mtendaji wa kijiji au namba 116.
5. Kumpeleka kituo cha afya ikiwa ameumizwa kingono. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72. Mtoto asiogeshwe kwanza, na nguo zake zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi. Polisi hutoa fomu namba 3 (PF3), lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuchelewa kwa sababu ya karatasi.
6. Katika tukio la mtandaoni, kutofuta ujumbe. Namba, jina la akaunti, tarehe na saa huandikwa, ndipo mtumaji huzuiwa. Picha ya utupu ya mtoto haitumwi kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi au kumtafuta mhusika. Simu yenyewe hupelekwa polisi.

Changamoto

Kikwazo kinachotajwa zaidi na watendaji ni familia kuyamaliza mambo nyumbani. Mtuhumiwa hulipa ng'ombe, mbuzi au fedha, na shahidi hafiki mahakamani. Kisheria mapatano hayo hayana nguvu, kwani kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na mzazi hana mamlaka ya kusamehe kosa alilotendewa mtoto. Lakini bila mtoto na mama yake kutoa ushahidi, kesi nyingi hufa. Hali huwa ngumu zaidi pale mtuhumiwa anapokuwa ndiye anayeilisha familia hiyo.

Vikwazo vingine ni uchache wa maofisa ustawi wa jamii katika kata, umbali wa vituo vya polisi na hospitali, na walimu kukosa mafunzo ya mambo ya mtandao. Mjadala upo pia kuhusu simu zenyewe. Wengine hushikilia kwamba mtoto wa shule ya msingi asiguse simu kabisa. Wengine husema kwamba katazo peke yake humwacha bila maarifa siku atakayoipata, hasa kwa kuwa mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza stadi za TEHAMA. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba mtoto mwenye angalau mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli bila kuogopa kiboko yuko salama zaidi.

Tazama pia

- Haki za watoto
- Mkoa wa Singida
- Ukeketaji
- Elimu nchini Tanzania
- Siku ya Mtoto wa Afrika